Nehemia aliikataa riba ya asilimia moja, sisi tumeizoea ya thelathini

Leo, kabla hujatoka kwenda ibadani au ukisharudi, nakuomba ufungue Biblia yako katika kitabu cha Nehemia, sura ya 5. Ni sura isiyohubiriwa mara nyingi. Tunapomhubiri Nehemia tunapenda habari za ukuta, hasa kanisa likiwa na ujenzi. Tunasimulia jinsi kila familia ilivyojenga mbele ya nyumba yake, jinsi maadui walivyodhihaki, na jinsi kazi ilivyomalizika kwa siku 52. Halafu bahasha za ahadi zinagawiwa.

Sura ya 5 tunairuka. Pengine ni kwa sababu inakatiza ujenzi na kuleta swali gumu la fedha, na fedha zenyewe si za sadaka, bali ni zile ambazo watu wa Mungu wanadaiana wao kwa wao.

Naileta kwako leo kwa sababu kila mahali watu wanasema pengo kati ya tajiri na maskini linapanuka. Ripoti ya Dunia ya Ukosefu wa Usawa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 10 ya watu walio matajiri zaidi duniani wanamiliki asilimia 76 ya mali yote, na nusu nzima ya watu walio chini wanagawana asilimia 2 tu. Hapa kwetu, utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 ulionyesha kuwa asilimia 26.4 ya Watanzania waliishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Hiyo ni zaidi ya mtu mmoja katika kila wanne. Hesabu mwenyewe benchi ulilokalia.

Takwimu hizi ni kubwa mno kiasi kwamba tunazisikia na kuendelea na chai. Basi tushuke chini, tuangalie mlango mmoja tu ambao pengo hilo hupitia kuingia mtaani kwetu: mkopo.

Kilio katikati ya ujenzi

Nehemia alikuwa liwali wa Yuda, amepewa ruhusa na mfalme wa Uajemi kuujenga upya mji wa Yerusalemu. Kazi ilikuwa imechangamka. Ghafla kikasikika kilio kikubwa, na hakikutoka kwa maadui. Kilitoka kwa wajenzi wenyewe na wake zao, nacho kilikuwa juu ya ndugu zao Wayahudi.

Walikuja kwa makundi matatu. Kundi la kwanza lilisema: sisi na watoto wetu ni wengi, tunahitaji nafaka tule tuishi. La pili lilisema: tumeweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili tupate chakula wakati huu wa njaa. La tatu lilisema: tumekopa fedha ili tulipe kodi ya mfalme. Wote wakaishia kwenye jambo moja: miili yetu ni sawa na ya ndugu zetu hawa, na watoto wetu ni kama watoto wao, lakini wa kwetu wanachukuliwa utumwani, na hatuna uwezo wa kuwakomboa kwa sababu mashamba yetu yameshakuwa mali ya wengine.

Ona jambo hili, mpendwa. Watu hawa hawakuwa wavivu. Mchana walibeba mawe ya ukuta wa Bwana. Ukuta ulikuwa unapanda, na nyumba zao zilikuwa zinaporomoka.

Nehemia alipoyasikia hayo alikasirika sana. Lakini hakulipuka papo hapo. Biblia inasema alitafakari kwanza moyoni, ndipo akawakabili wakuu na maofisa. Aliitisha mkutano mkubwa, akawaambia wazi kwamba wanawatoza riba ndugu zao. Wakanyamaza, hawakuwa na la kujibu. Akadai warudishe siku hiyohiyo mashamba, mizabibu, mizeituni na nyumba, pamoja na sehemu ya mia ya fedha, nafaka, divai na mafuta waliyokuwa wakiwatoza.

Sehemu ya mia ni asilimia moja. Wafafanuzi wengi wa Maandiko huielewa kuwa ni asilimia moja kwa mwezi. Shika tarakimu hiyo, tutairudia.

Maskini hulipa zaidi

Watu wengi hudhani maskini ananunua vitu rahisi na tajiri ananunua vitu ghali. Tembea mtaani uone kinyume chake. Mwenye fedha hununua gunia la mkaa, au ana mtungi mkubwa wa gesi. Asiye nazo hununua mkaa wa kopo, na makopo yote ya gunia lile yakijumlishwa bei yake inaipita ya gunia. Mwenye fedha hununua dumu la mafuta ya kula, asiye nazo hununua ya kupima. Mwenye bomba ndani hulipia maji kwa bili, asiye na bomba hununua kwa ndoo. Mmoja hununua bando la mwezi, mwingine la siku.

Hakuna aliyemwibia mtu hapo. Lakini kila jioni senti chache zinatoka kwa asiye nacho zaidi ya anavyotoa mwenye nacho, kwa kitu kilekile. Hivyo ndivyo pengo linavyopanuka pasipo mtu kusikia kelele.

Na hakuna bidhaa ambayo maskini huinunua ghali kuliko fedha yenyewe.

Mchukue mama anayekaanga vitumbua kona ya mtaa wenu. Mtoto ameumwa, mtaji umekwenda hospitali. Benki inamtaka hati ya nyumba, naye ni mpangaji. Anakwenda kwenye ile ofisi ndogo ya chumba kimoja ambayo watu wameipa jina lake halisi: kausha damu. Anapewa Sh200,000, na mwisho wa mwezi arejeshe Sh260,000. Ukigawa kwa siku 30, ni karibu Sh8,700 kila siku, Jumapili ikiwamo. Siku mvua imenyesha na vitumbua vimebaki, rejesho linadaiwa vilevile. Akishindwa, wanakuja kubeba godoro, jiko na televisheni mbele ya watoto na majirani.

Sasa mchukue mfanyabiashara mkubwa mwenye hati na hesabu zilizokaguliwa. Benki inamkopesha kwa riba ya takriban asilimia 15 kwa mwaka. Kwa kila Sh200,000 anayokopa, riba yake ni Sh30,000 kwa mwaka mzima, sawa na Sh2,500 kwa mwezi. Mama wa vitumbua analipa Sh60,000 kwa mwezi kwa fedha ileile. Ni mara 24 zaidi.

Hapo ndipo turudi kwa Nehemia. Kwa asilimia moja yake, mama yule angelipa riba ya Sh2,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo riba iliyomfanya mtu wa Mungu akasirike na kuitisha mkutano wa hadhara. Sisi tunaishi jirani na ile ya asilimia 30, na wakati mwingine tunatania tu: "Kakopa mwenyewe, dawa ya deni kulipa."

Sheria haiko kimya. Tangu kutungwa kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji anatakiwa kuwa na leseni, na Benki Kuu imewawekea wakopeshaji hao ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, zikiwamo za aina ile inayotuma ujumbe kwa namba zote za simu yako kuwatangazia kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Lakini ukomo wa kwenye karatasi haumfikii mama asiyejua kuwa upo, wala asiyethubutu kudai.

"Mwenye nacho ataongezewa"?

Kuna maneno ya Bwana wetu ambayo yamegeuzwa kuwa kichaka cha kujifichia. Mtu akiona mwingine anatajirika na jirani anadidimia, husema: si imeandikwa kuwa mwenye nacho ataongezewa na asiye nacho atanyang'anywa? Anamaanisha Mathayo 25:29.

Mpendwa, soma sura nzima. Maneno yale yako ndani ya mfano wa talanta, unaohusu watumishi waliokabidhiwa mali isiyo yao na kudaiwa hesabu yake. Kinachofuata mara moja, kuanzia aya ya 31, ni hukumu ya mataifa, ambapo Mfalme anauliza nani alimlisha mwenye njaa na nani alimvika aliye uchi. Yesu hakuacha nafasi kati ya mafundisho hayo mawili. Ulichoongezewa utakitolea hesabu, na swali la hesabu hiyo ni ulimtendea nini yule mdogo.

Halafu nenda Luka 16, kwa tajiri na Lazaro. Hatuambiwi kwamba tajiri yule aliiba, wala kwamba alimfukuza Lazaro mlangoni. Tena alimjua kwa jina, maana huko mautini anaomba Lazaro atumwe kumletea maji. Kosa lake ni kwamba kila siku alitoka na kuingia, akampita. Ibrahimu anamwambia kuna shimo kubwa kati yao lisilovukika. Shimo lile halikuchimbwa kaburini. Lilianza pale getini, hatua chache kutoka mezani, wakati ambapo kuvuka kulikuwa bado kunawezekana.

Lakini kukopesha si dhambi?

Najua kuna msomaji anayeuliza: je, kila anayekopesha ni mwovu? Hapana. Torati yenyewe inahimiza kumkopesha mhitaji na kutomfungia mkono. Mwenye benki au chama cha akiba ana gharama za ofisi na watumishi, na wako wakopaji wasiorudisha. Katika mfano uleule wa talanta, bwana anataja kuweka fedha kwa watoa riba. Mfanyabiashara anayekopa ili aongeze faida, akagawana sehemu na aliyempa mtaji, hana ugomvi na Maandiko.

Kinachokemewa katika Kutoka 22:25-27 ni kumgeuza maskini aliyebanwa na shida kuwa biashara. Hapo Mungu anashuka hadi kwenye nguo: ukichukua vazi la jirani yako rehani, mrudishie kabla jua halijachwa, maana ndilo la kujifunika, na usiku atalalia nini? Akimlilia Mungu, Mungu anasema atasikia. Linganisha na godoro linalobebwa saa kumi na mbili jioni.

Mkopaji naye ana neno lake. Kuna deni la dawa na ada, na kuna deni la sare ya harusi. Tunakopa kwa ajili ya mchango wa sendofu, kitenge cha kufanana, na sherehe ya kipaimara yenye keki ya ghorofa tatu. Wahenga walituonya: kukopa harusi, kulipa matanga. Usimwite mkopeshaji mnyonyaji ikiwa ulichokopea ni kuonekana. Na ukiwa na uwezo wa kulipa, lipa, maana Zaburi ya 37 inamwita mwovu yule akopaye asilipe.

Benchi moja

Jambo linalonisumbua zaidi katika Nehemia 5 ni kwamba wote walikuwa ndugu. Mdai na mdaiwa walisali kwa Mungu mmoja na kujenga ukuta mmoja. Kwetu pia ni hivyo. Mwenye ofisi ya kausha damu anaweza kuwa mwinjilishaji mzuri, mfadhili wa kwaya, mtu wa kwanza kunyanyua mkono siku ya changizo. Mdaiwa wake yuko benchi la nyuma, na baada ya ibada anapitia mlango wa pembeni ili wasikutane.

Kanisa linapopokea bahasha nene na kumpigia mtu makofi bila kuuliza lolote, na linapomtangaza aliyeshindwa kumaliza ahadi yake ya ujenzi, linapaswa kujiuliza linajenga ukuta wa nani. Wako akinamama wanaokopa ili wasiaibike kwenye orodha ya michango ya kanisa. Ukuta wa Bwana haupaswi kupanda kwa matofali hayo.

Nehemia hakuwanyooshea wenzake kidole tu. Katika aya ya 10 anasema kwamba yeye, ndugu zake na watumishi wake nao wamekopesha fedha na nafaka, kisha anasema tuache. Anajihesabu ndani. Na kwa miaka 12 ya uliwali wake hakula posho ya chakula aliyostahili, kwa sababu mzigo wa watu ulikuwa mzito. Hakujinunulia shamba hata moja katika kipindi ambacho mashamba yalikuwa rahisi kwa sababu wenye nayo walikuwa na njaa. Mezani kwake walikula watu 150.

Taifa letu liliwahi kujaribu jambo la namna hiyo. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Unaweza kubishana juu ya siasa ya Azimio, lakini swali lake ni la Nehemia: je, kiongozi anaweza kuwahurumia watu ambao shida yao ndiyo faida yake?

Yubile si ndoto

Wengine watasema hayo ni ya kale, duniani hakuna anayesamehe deni. Walawi 25 iliagiza kwamba kila mwaka wa 50 ardhi irudi kwa wenyewe na watumwa wawe huru, ili familia iliyoanguka isibaki chini milele. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Wakristo wa nchi nyingi walilichukua neno hilo na kuanzisha kampeni ya Jubilee 2000, wakidai nchi maskini zisamehewe madeni. Mei 1998, watu takriban 70,000 walishikana mikono katika mji wa Birmingham, Uingereza, ambako viongozi wa mataifa tajiri walikuwa wanakutana. Wengi wao walikuwa waumini wa kawaida.

Novemba 2001 Tanzania ilifikia hatua ya kupewa nafuu hiyo ya madeni. Mwaka huohuo ada ya shule ya msingi iliondolewa, na watoto wakamiminika madarasani. Yawezekana wewe unayesoma gazeti hili ulikuwa mmoja wao, na hukujua kwamba sura moja ya Walawi ilikuwa na sehemu katika dawati lako.

Kabla ya hapo kuna habari ya Friedrich Wilhelm Raiffeisen, meya wa vijijini Ujerumani. Katika njaa ya majira ya baridi ya mwaka 1846 na 1847 aliona wakulima wakifilisiwa na wakopeshaji. Akiwa Mkristo aliyeamini kwamba upendo wa jirani lazima uwe na mpango, aliwakusanya watu waweke fedha pamoja, na mwaka 1864 akaanzisha chama cha kukopeshana huko Heddesdorf. Saccos unayoiona leo ina mizizi katika wazo hilo.

Tufanye nini

Naomba tusimalize kwa kusikitika. Nakupa mambo manne unayoweza kuanza nayo wiki hii.

Kwanza, wewe unayekopesha. Kaa na daftari lako mbele za Mungu. Tafuta jina moja ambalo limeshalipa mtaji wako wote na bado unalidai riba juu ya riba. Lifute. Kama umebeba godoro la mtu, lirudishe leo kabla jua halijachwa. Halafu katafute leseni, ufuate ukomo uliowekwa.

Pili, wewe uliyeajiri. Si kila pengo linatokana na riba. Yakobo 5:4 inasema mshahara uliozuiwa hupiga kelele, na sauti yake imeshafika masikioni mwa Bwana. Dada wa kazi, mlinzi, fundi aliyekupaulia nyumba, kijana wa mkokoteni: mlipe kwa wakati. Ukimchelewesha wiki mbili, unampeleka kausha damu kwa mkono wako mwenyewe.

Tatu, wewe mdaiwa. Usijifiche. Aibu ndiyo dhamana kubwa wanayokushikia. Wale watu wa Nehemia walipona kwa sababu walilia kwa sauti, wanaume kwa wanawake. Mwambie mwenza wako, mzee wa kanisa au kiongozi wa jumuiya. Kabla ya kuweka sahihi, omba mkataba usomewe na mtu anayeelewa. Uliza halmashauri yako kuhusu ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu.

Nne, sisi kanisa. Kila jumuiya inaweza kuwa na kikundi cha kuweka na kukopa, na kila usharika unaweza kutenga mfuko wa dharura wa kumwokoa mtu siku mtoto anapolazwa, kabla hajafika kwenye ile ofisi ya chumba kimoja. Na tuache kusoma hadharani majina ya walioshindwa kumaliza ahadi.

Nehemia alipomaliza kusema, wakuu wale walikubali kurudisha. Naye hakuridhika na maneno. Aliwaita makuhani, akawaapisha. Kisha alikung'uta vazi lake, akasema Mungu amkung'ute vivyo hivyo kutoka nyumbani mwake kila asiyetimiza ahadi hii. Mkutano wote ukaitikia Amina, wakamsifu Bwana, na wakafanya kama walivyosema.

Ile ndiyo Amina ninayoiomba kwako leo, mpendwa msomaji: Amina inayofuatiwa na shamba lililorudishwa. Ukisharudi kutoka ibadani, fungua daftari lako la madeni, ya kudai na ya kudaiwa, uanze na jina moja.